Injini Iliyofungwa Upya Haitaki Kubembelezwa

Nimeletewa tena habari ileile. Gari la MGB limefungwa injini upya: pistoni mpya, kamshafti mpya (ule mhimili wenye nundu zinazofungua valvu), tapeti mpya (vikombe vinavyopokea msukumo wa nundu hizo). Mwenyewe ameiwasha, kaiacha kwenye sailensi, yaani ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, saa nzima "ijizoeze," na sasa anapanga kuiendesha taratibu kilomita 1,000 za kwanza bila kuvuka mizunguko 2,500 kwa dakika. Anasubiri nimpongeze. Nimechoka kuwaeleza watu jambo hili baada ya tukio, kwa hiyo naliandika hapa lisomwe kabla ya mtu kugusa swichi.

Nazungumzia magari ya michezo ya zamani: MGB, Triumph TR6, Jaguar E-Type, Datsun 240Z na ya rika lao. Gari la kisasa lina mambo yake na lina kitabu chake. Usichukue ya kule ukayaleta huku.

Nianze na kamshafti, kwa kuwa hiyo ndiyo hufa bila kupiga kelele. Kwenye MGB na TR6, kamshafti imelala ndani ya bloku, na nundu zake hazina njia yao ya oili. Zinaishi kwa oili inayorushwa na krankshafti (mhimili mkuu wa injini) na koni rodi (fimbo zinazouunganisha na pistoni) zinapozunguka. Injini ikiwa kwenye sailensi, oili inayorushwa ni kidogo. Hilo wengi wamewahi kulisikia. Wasilolijua ni la springi. Valvu inapofika kileleni, springi inaisukuma irudi, na nguvu yote hiyo inatua kwenye ncha ya nundu. Mizunguko ikipanda, uzito wa valvu na tapeti, ambavyo bado vinataka kuendelea kwenda juu, hupunguza sehemu ya mgandamizo huo. Mizunguko ikiwa chini, hakuna kinachoupunguza. Kwa hiyo sailensi, ambayo watu huiona ndiyo hali ya upole kuliko zote, ndiyo inayoibana ncha ya nundu kwa nguvu kubwa zaidi, na ndiyo hiyohiyo inayoipa oili kidogo zaidi. Chuma kipya juu ya chuma kipya, mgandamizo mkubwa, oili haba. Halafu mtu anakaa pembeni anaisikiliza inavyounguruma vizuri.

Tapeti nayo inatakiwa izunguke kwenye tundu lake wakati nundu inapita chini yake, ili isisuguliwe sehemu moja tu. Isipozunguka mwanzoni, hapo hapo inachimbika, na nundu inaanza kulika. Ganda gumu la juu likishaondoka, kinachofuata hakina dawa. Datsun 240Z haina tapeti za kuzunguka, roka zake (mikono inayosukuma valvu) zinateleza juu ya nundu, lakini nazo zinahitaji heshima hiyo hiyo.

Kwa hiyo: injini ikishika tu, ipeleke kati ya mizunguko 2,000 na 2,500, na uibakize huko kama dakika 20, ukiipandisha na kuishusha kidogo ndani ya mipaka hiyo. Ukiona oili inavuja, au geji haina presha, au maji yanachemka, zima. Usiishushe kwenye sailensi ili upate nafasi ya kutafakari. Zima kabisa, rekebisha, washa, urudi kwenye 2,000 kumalizia dakika zilizobaki.

Hizo dakika 20 hazina utakatifu wowote. Wapo watengenezaji wa kamshafti wanaoandika 20, wapo wanaoandika 30. Mimi naamini dakika tano za mwanzo ndizo zinazoamua karibu kila kitu, ila siwezi kulithibitisha, maana hakuna anayefungua injini dakika ya tano akachungulia. Na huyu ndugu wa MGB, kamshafti yake imeharibika? Si lazima. Springi za MGB ya kawaida si kali, na zipo injini zilizotendewa hivyo zikaendelea kuishi. Nimemwambia apime mnyanyuko wa kila valvu kwa dayali geji (kipimo cha sindano), aandike, aendeshe kidogo, apime tena. Valvu moja ikianza kunyanyuka pungufu ya wenzake, au nafasi yake, ule uwazi kati ya roka na valvu, ikawa inaongezeka kila anapoirekebisha, jibu limepatikana.

Kuhusu oili, kuna kelele nyingi na nusu yake si sahihi. Kinacholinda nundu na tapeti ni kiambata cha zinki na fosforasi kinachoitwa ZDDP. Fosforasi hudhuru katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, ndiyo maana daraja la ubora wa oili la Marekani liitwalo API SM, lililotoka 2004, liliweka kikomo cha asilimia 0.08 ya fosforasi. Watu wakasikia hapo tu, wakahitimisha kwamba kila oili ya leo ni sumu kwa gari la zamani. Kikomo hicho ni cha oili nyepesi kama 5W-30. Oili nzito ya 20W-50, ambayo ndiyo magari haya mengi hutumia, haibanwi nacho. Hiyo haina maana kwamba kila 20W-50 ina ZDDP ya kutosha. Ina maana usome karatasi ya vipimo ya mtengenezaji badala ya kusoma hofu za watu. Kwa mwanzo natumia oili ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya injini mpya, naimwaga pamoja na filta mara tu kamshafti inapomaliza dakika zake. Naikata ile filta na kuikunjua karatasi yake. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa vyenye umbo si vya kawaida.

Maandalizi nitayapitia haraka, kwa sababu anayefunga injini anapaswa kuyajua. Toa plagi zote, piga stata vipindi vifupi, ipe nafasi ipoe, mpaka geji ya oili inyanyuke. Bila plagi hakuna kompresheni, kwa hiyo beringi hazibebi mzigo. Lakini usipige stata bila kikomo, maana unaifuta ile grisi uliyoipaka kwenye nundu. Kwenye TR6 unaweza kutoa gia ya distributa (kisambaza cheche) ukaizungusha oili pampu kwa drili, na hapo kamshafti haisogei kabisa. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda. Kwenye TR6 vilevile usikanyage klachi wakati wa kuwasha. Weka gia huru. Klachi husukuma krankshafti mbele, na washa (vipande bapa) zinazoizuia isicheze ndizo udhaifu unaojulikana wa injini hiyo. Usizikandamize zikiwa kavu.

Taimingi, yaani wakati wa cheche, iwe imewekwa kabla. Hakikisha pistoni ya silinda namba moja iko juu kwenye kompresheni, siyo kwenye kutoa moshi. Ukikosea hapo kabureta itakutemea moto usoni. Jaza bakuli za kabureta petroli ili iwake mara moja. Mipira ya petroli ya zamani huoza kwa petroli ya leo yenye ethanoli, ibadilishe yote, na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu wa pili, siyo kwenye buti. Maji yajazwe huku vali ya hita ikiwa wazi, hewa itoke.

Sasa ringi za pistoni, na hapa ndipo kubembeleza kunapoleta hasara ya pili.

Ringi mpya haizibi silinda kwa nguvu yake ya chuma peke yake. Inaziba kwa sababu gesi inayoungua inapita juu ya pistoni, inaingia nyuma ya ringi na kuisukuma kwa nje ibane ukuta. Ukuta huo umeachiwa mikwaruzo ya msalaba makusudi, ili vilele vyake visuguane na ringi mpaka vikubaliane. Ukiendesha bila kukanyaga mafuta, presha ya gesi ni ndogo, ringi inabaki inaelea juu ya oili, na oili ile inaungua taratibu ukutani na kuacha utando mgumu unaong'aa kama sufuria iliyoungulia. Utando ukishajaza mikwaruzo, msuguano uliohitajika haupo tena. Gari litakula oili na kutoa moshi wa buluu, na mwenyewe atasema, "Lakini niliitunza sana." Ndiyo, na sasa hedi (kifuniko cha juu cha injini) itatolewa, pistoni zitoke, silinda zikwaruzwe upya.

Kwa hiyo barabarani fanya hivi. Injini ikiwa na joto lake kamili, gia ya tatu au ya nne, ianzie kama mizunguko 2,000. Kanyaga mafuta kwa uthabiti, robo tatu au yote, ipande hadi 3,500 au 4,000. Kisha achia mguu kabisa ukiwa bado kwenye gia, injini ilivute gari kwa nyuma mpaka ishuke tena 2,000. Kuachia ni muhimu kama kukanyaga. Trotli (milango ya hewa ya kabureta) zikiwa zimefungwa, silinda inanyonya, oili inapanda kwenye ringi, inapoza na kuosha unga wa chuma. Rudia mara nyingi, ukiiacha ipumue katikati kwa mwendo wa kawaida. Mlima mrefu wenye lami nzuri unafaa kuliko tambarare, kwa sababu unakupa mzigo bila mwendo mkali.

Kukanyaga hakufanani na kuvurumisha. Mzigo ndio tunaoutaka, siyo mizunguko mingi. Usiikokote pia kwenye gia ya juu ikiwa 1,200 huku umebonyeza hadi sakafuni. Hiyo inapiga beringi. Na mwendo mmoja usiobadilika kwa saa nzima kwenye barabara kuu nao haufai, hata uwe mwendo wa wastani.

Nikiri kwamba wenzangu wanaobisha wana hoja. Silinda ikimalizwa kwa ufundi wa kisasa, ambapo vilele vya mikwaruzo hukatwa kabla, ringi hukaa karibu zenyewe. Ringi za chuma cha kawaida hukaa upesi, za kromu huchukua muda mrefu na hazisamehi. Kwa hiyo nikiona injini niliyoikanyaga haili oili, siwezi kuapa kwamba ni mguu wangu uliofanya kazi na siyo aliyekwaruza silinda. Ninachojua ni kwamba kati ya injini zilizorudi zikila oili, zile zilizobembelezwa ndizo nilizokuta kuta zake zinang'aa.

Kabla ya hayo yote, gari lazima lisimame. Limekaa juu ya stendi miezi mingi, mafuta ya breki yamevuta unyevu, pistoni za kalipa huenda zimeganda. Safari ya kwanza ni ya breki: mwendo mdogo, mahali pasipo na mtu, kanyaga mara kadhaa, kisha gusa rimu uone kama kuna gurudumu la moto kuliko mengine. Angalia tarehe ya tairi, zile tarakimu nne za wiki na mwaka ubavuni. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na likawa limeshazeeka.

Ukiwa barabarani, macho yako kwenye geji mbili, ya presha ya oili na ya joto. Kanuni ya mafundi ni psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 oili ikiwa na joto. E-Type huhesabiwa kuwa nzima ikiwa na psi 40 kwenye 3,000. MGB ikishuka hadi psi 15 kwenye sailensi ikiwa ya moto, usipige simu usiku. Kinachotisha ni presha kushuka wakati mizunguko haijabadilika, au sindano kudondoka kwenye kona, maana hapo oili imekimbia mdomo wa pampu. Zima kwanza, uliza baadaye.

Geji ya joto nayo hudanganya kwa namna moja ya hatari. Maji yakiisha, kihisio kinabaki kwenye hewa na sindano inaweza kushuka. Dereva anafurahi injini imepoa, na hedi inapinda. Joto likishuka ghafla bila sababu, simama kama vile lingekuwa limepanda.

Ukirudi, usifungue rejeta. Iache ipoe usiku kucha, kisha chungulia chini yake, pima oili na maji, toa plagi uzisome. Kukaza hedi mara ya pili kunategemea gasketi inayoziba chini yake. Zipo za leo ambazo watengenezaji wake wanakataza, na hao ninawatii. Kwa gasketi za aina ya zamani, baada ya kilomita kama 500, injini ikiwa baridi, nalegeza kila nati kidogo, moja baada ya nyingine kwa mpangilio, na kuikaza hadi kipimo chake. Kwenye MGB na TR6, hedi ikishuka, nafasi za valvu hupungua, kwa hiyo kazi haijaisha mpaka zipimwe tena. TR6 ni 0.25 mm ikiwa baridi. Ukiruka hatua hiyo, valvu ya ekzosi itabaki wazi kidogo, ipitishe moto, na iungue.