Kapulingi kwenye probabiliti ni kitu gani hasa?

Chukua jamaa wawili wapiga penalti, wa kwanza anafunga 7 katika kila 10, wa pili anafunga 8 katika kila 10. Kila mmoja akipiga 20, nani ana nafasi kubwa ya kufikisha mabao 15? Wa pili bwana, hata mtoto anajua. Haya thibitisha sasa. Ukishika fomula ukaanza kujumlisha kuanzia 15 mpaka 20 utatoka jasho, na ukimaliza hujaona sababu, umeona namba tu.

Kapulingi inamaliza kesi hii kwa kofia moja na vikaratasi kumi. Viandike 1 mpaka 10, kila penalti chomoa kimoja, soma, rudisha, koroga. Ikitoka 1 mpaka 7 wa kwanza kafunga, ikitoka 1 mpaka 8 wa pili kafunga, na kikaratasi ni hichohicho kimoja kwa wote wawili. Ukimtazama wa kwanza peke yake ni yuleyule wa 7 kwa 10, wa pili naye 8 kwa 10 yake iko palepale. Ila ukiwatazama pamoja, kila wa kwanza anapofunga na wa pili kafunga, haiwezekani vinginevyo, kwa hiyo wa kwanza akifikisha 15 wa pili keshafika. Imeisha hiyo.

Hapo mtu atasema aah, umeiba, watu wawili hawapigi penalti kwa kikaratasi kimoja. Sijaiba. Swali liliuliza nafasi ya huyu na nafasi ya yule, kila mtu kivyake, halikusema chochote kuhusu wao kwa wao, basi hiyo sehemu ambayo swali limeiacha wazi unaijaza unavyotaka wewe. Kapulingi ndo hiyo: unachukua vitu viwili vya bahati nasibu, unavijenga juu ya bahati moja, kila kimoja kinabaki na tabia yake, uhusiano wao unauchagua wewe. Ugumu wote uko kwenye kuchagua vizuri.

Na uchaguzi una tofauti kubwa kweli. Kila jamaa akiwa na kofia yake, kwenye penalti moja watapishana (mmoja afunge mwingine akose) kwa asilimia 38. Kwa kofia moja wanapishana kikitoka kikaratasi namba 8 tu, yaani asilimia 10, na hakuna mpango wowote utakaoshusha chini ya hapo kwa sababu 8 kutoa 7 ni 1. Hii ina jina, wanaiita ukosefu-usawa wa kapulingi: umbali kati ya bahati mbili (tofauti kubwa kabisa ya nafasi zinazolipa tukio lolote) hauzidi nafasi ya kupishana kwake, kwa kapulingi yoyote utakayoijenga.

Mwenye wazo anatajwa Wolfgang Doeblin, kijana mwanahisabati aliyezaliwa Berlin 1915, baba yake mwandishi Alfred Döblin, familia ikawakimbia Wanazi mpaka Ufaransa. Mwaka 1938 alikuwa anashughulika na minyororo ya Markov, yaani kitu kinachoruka hali moja kwenda nyingine na hatua ijayo inategemea kilipo sasa tu. Alitaka kuonyesha kwamba baada ya muda mnyororo unasahau ulikoanzia, basi akatembeza wawili, mmoja kaanzia unapotaka wewe, mwingine keshatulia (nafasi zake za kuwa hapa au pale hazibadiliki tena), kila mtu anakwenda njia yake mpaka wakutane, wakishakutana wanashikana mkono wanatembea pamoja moja kwa moja. Tofauti iliyobaki haizidi nafasi ya kuwa bado hawajakutana. Ila uwe makini, kama mnyororo unarukaruka shufwa na witiri tupu, mmoja akianzia shufwa mwingine witiri hawatakutana milele. Doeblin alijiua Juni 1940 akiwa askari wa Ufaransa, Wajerumani wakikaribia, umri miaka 25.

Mimi mfano ninaoupenda ni karata. Una karata 52, unazichanga kizembe: chomoa moja popote, weka juu, rudia. Mpaka lini ziwe zimechangika? Weka pembeni seti ya pili ambayo tayari imechangika kabisa (ya kufikirika, usiinunue). Sasa badala ya kuchomoa kwa kuangalia karata iko ya ngapi, taja karata kwa jina, mfano saba ya shupaza, itafute kwenye seti zote mbili uiweke juu. Kwa kila seti ni karata ya bahati tu, hakuna iliyopunjwa, ila ikishatajwa inakaa nafasi moja kwenye seti zote na hazipishani tena. Zikitajwa zote seti zinafanana, kwa wastani hatua 236. Tena ya mwisho huna haja ya kuisubiri maana itakuwa chini kabisa kote kuwili, na kuisubiri yenyewe tu ni hatua 52, kwa hiyo 184 zinatosha.

Mwaka 1996 wanahisabati Propp na Wilson wakaigeuza kapulingi kuwa programu ya kuchomoa hali moja kutoka kwenye mnyororo uliokwisha kutulia. Wanaanzisha minyororo kutoka hali zote kwa pamoja, inakula bahati moja, lakini wanaanzia wakati uliopita kuja sasa hivi, na ikifika sasa ikiwa imeungana yote, jibu ni sahihi kamili, sio la kukaribia. Isipoungana unarudi nyuma zaidi unaanza upya, ila zile hatua za karibu unatumia namba zilezile za mwanzo. Ukichomoa mpya programu haitalalamika wala nini, itakupa tu majibu yaliyopinda.