Darasa la Juni si usajili wa mtihani

Kila shule zinapofunga mwezi Juni, sisi wa elimu ya watu wazima hupokea malalamiko yaleyale: "Nimelipia darasa la likizo, mbona jina langu halimo kwenye mtihani wa Novemba?" Halimo kwa sababu hukujisajili. Darasa la likizo ni la kusoma tu.

Naomba nirudie utaratibu. Mtahiniwa wa kujitegemea, awe wa QT (Mtihani wa Maarifa) au wa Kidato cha Nne, huanzia kwenye kituo cha mtihani alichokichagua. Hapo hupewa namba rejea, kisha hujaza taarifa zake kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) na kulipa kwa kumbukumbu namba (control number), si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi. Kwa kawaida Januari na Februari ni ada bila faini, Machi ni pamoja na faini. Ukija Aprili na barua ya kuomba huruma, umechelewa. Anayerudia Kidato cha Nne atumie majina na namba yake ya mtihani ya awali. Kumtuma mtu akufanyie mtihani ni kosa. Matokeo hufutwa, na mashtaka yanaweza kufuata. Tarehe ziangaliwe kwenye tangazo la mwaka husika, si kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa darasa lenyewe. Anayesoma kwa mfumo wetu humaliza vidato viwili kwa mwaka mmoja, mara nyingi usiku, akishafunga genge au kutoka zamu. Anayekosea kanuni ya hesabu mwezi Januari anaweza kuibeba hivyohivyo hadi chumba cha mtihani, maana hakuna aliyeliona daftari lake. Wiki mbili tatu za Juni zinatibu hilo. Vyumba vya madarasa viko wazi, walimu hawana vipindi vya mchana, na insha ya asubuhi inaweza kusahihishwa kabla ya jioni. Wala si jambo geni: Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoanza kufundisha mwaka 1971, kiliwaita wanafunzi wake wa mbali kwenye shule za kiangazi mwaka huohuo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina vipindi vya ana kwa ana.

Kwa hiyo njoo na kazi ulizokwisha kuzifanya, hasa zilizokushinda. Wapo wanaokuja na daftari jipya wakisubiri kupewa "maswali yatakayotoka". Hatuna, na anayesema anayo ni wa kuripotiwa. Kina mama wenye watoto wachanga, wakiwemo walioacha shule kwa ujauzito, waulize mapema kama kituo kina mahali pa mtoto. Si vyote vinapo.

Ukidaiwa fedha ya darasa na ya mtihani kwa pamoja, dai risiti mbili. Ya mtihani lazima iwe na kumbukumbu namba iliyotolewa kwa jina lako.