Damu ya mwezi ikizidi, na maswali mengine naulizwanga mlangoni

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nyalenda, Kisumu. Natembea nyumba kwa nyumba, na mambo ya hedhi watu hawaniulizi tukiwa tumekaa, wananiuliza nikishaaga, mtu ananisindikiza mpaka kwa geti ndio ananong'ona. Nimeyaandika hapa ndio hata yule anaogopa kuuliza asome.

Nitajuaje kama damu yangu imezidi? Mimi naona ni kawaida tu.

Hili swali natamani kila mwanamke aulize. Kawaida ni siku 2 mpaka 7, na ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya mwezi unaofuata unapata siku 21 hadi 35. Damu yote ya hizo siku huwa kama vijiko viwili au vitatu vya kula, ingawa kwa macho inakaa nyingi sana. Sasa kama pedi inajaa kila saa moja au mbili, kama unaamka usiku kubadilisha, kama unatoa mabonge makubwa kama sarafu ya shilingi 20, ama siku 7 zimepita na bado inakuja, hiyo si kawaida dadangu, enda hospitali.

Kuna mama anauza mitumba, kila nikipita namwona anatafuna odowa, yale mawe laini ya udongo, anaitoa kwa mfuko wa aproni moja baada ya nyingine kama njugu. Siku moja nikamwomba nimwangalie jicho, nikavuta ngozi ya chini, ndani kweupe kabisa, damu imepungua mwilini. Ndio akaniambia anatoka damu siku 10 kila mwezi na ni mwaka wa pili, anakalia leso nyeusi imekunjwa mara nne na hasimami mteja akiwa hapo, na hata dadake hajui kwa sababu aliogopa wataanza kusema amerogwa ama amepata ugonjwa wa wanaume. Hospitali walipata fibroidi, uvimbe kwa kizazi, kitu kinapata wanawake wengi na kina matibabu. Miaka miwili amenyamaza na damu inaisha mwilini, hiyo ndio inaniuma.

Kwani odowa ni mbaya?

Hiyo hamu ya kutafuna udongo mara nyingi ni mwili unalia kwamba madini ya chuma yameisha, na tena udongo wenyewe unazuia chuma kuingia. Kula omena, maini, osuga (mnavu), kunde, kamulia ndimu juu, na chai ikae mbali na chakula kama saa moja hivi kwa sababu nayo inazuia. Lakini damu ikishashuka sana mboga peke yake haitoshi, utahitaji vidonge.

Uchungu si ndio kazi ya mwanamke? Mamangu anasema utaisha nikizaa.

Apana. Kizazi kinajikaza ndio kitoe ngozi yake ya ndani, kwa hivyo kuumwa kidogo ni sawa, chupa ya maji moto inasaidia, na ibuprofeni ukimeza mapema uchungu ukianza tu, ukiwa umekula na kama huna vidonda vya tumbo ama asma. Lakini uchungu wa kukulaza kitandani ukose shule ama kazi kila mwezi, ama unaumwa ukienda choo kubwa au ukilala na mzee, inaweza kuwa endometriosisi, yaani ngozi kama ile ya ndani ya kizazi inaota nje ya kizazi, na hiyo inataka daktari. Tuache kuwaambia wasichana wavumilie mpaka wazae, tafadhali.

Pesa ya pedi hakuna, natumia kitambaa, ni vibaya?

Si vibaya kama ni pamba safi. Shida huwa ni kuanika, mtu anaficha chini ya godoro ndio wanaume wasione, kinakaa na unyevu, kinaota ukungu, halafu anaanza kuwashwa. Fua na sabuni, anika juani kabisa, ukiona haya weka leso nyepesi juu. Badilisha kila masaa 4 hadi 6. Na ndani usioshe na sabuni wala Dettol, huko kunajisafisha kwenyewe.

Kama uko shule ya serikali, tangu 2017 sheria inasema upewe pedi bure, mzazi aulize mwalimu mkuu bila kuogopa. Na msichana yeyote anayesoma hapa, mwanaume akikununulia pedi halafu anataka kitu, niambie mimi ama mtu mzima unayemwamini.

Niliacha kupata siku zamani, sasa imerudi kidogo tu.

Mama, ukishamaliza mwaka mzima bila damu halafu uione tena, hata tone, usingoje, enda hospitali. Mara nyingi si kitu kibaya lakini wakati mwingine ni saratani na ikipatikana mapema inatibika.

Mimi ni baba, mke wangu aliaga, msichana ana miaka 11. Nitaanzia wapi?

Baba, umefanya vizuri kuuliza. Mwambie kabla ianze, asije akafikiria anakufa. Mwaka wa 2023 Seneta Gloria Orwoba aliambiwa atoke ukumbini kwa sababu ya doa kwa suruali, seneta mzima, sasa fikiria mtoto amesimama mbele ya darasa. Mnunulie pakiti, mfungulie moja, muonyeshe vile inabandikwa kwa suruali ya ndani, na moja ikae kwa begi ya shule. Miaka miwili mitatu ya kwanza inaweza kuruka miezi, usikimbilie kumshuku ana mimba. Hapa kwetu kuna baba wa boda pedi ameziweka kwa rafu kando ya kiberiti na chumvi, zikiisha msichana anasema tu "baba, pedi zimeisha" na jioni anakuja nazo. Akifika 15 na bado hajaanza, mlete kliniki aangaliwe.