Tabibu si msaidizi wa daktari

Juzi kwenye jeti ya Mokowe, tukingoja boti ya kuvukia kisiwa cha Amu (Lamu), mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa alimwambia mwenzake: "Nimepita kituoni, daktari hayuko, yuko msaidizi wake tu. Kaniandikia dawa, sikununua."

Neno hilo "msaidizi" nimelisikia mara nyingi mno.

Huyo aliyemwona ni tabibu. Kwa matumizi ya Kenya leo, tabibu amesomea stashahada ya tiba na upasuaji miaka mitatu, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini, akasajiliwa na kupewa leseni. Humsikiliza mgonjwa, humpima, huagiza damu ichunguzwe, hutambua maradhi, huandika dawa, hushona jeraha, hupasua jipu. Likimzidi, hutoa rufaa.

Sasa tulitazame jina lenyewe. Tabibu limetoka Kiarabu, na ni ndugu wa tiba, kutibu na matibabu. Ukimtaja umeshaitaja kazi yake. Waarabu hadi leo humwita hivyo hata daktari wa chuo kikuu, na malenga wa mwambao wetu, wakiugua mapenzi, humwita tabibu aje awaponye. Daktari ndilo neno geni zaidi: tumelipata kwa Kiingereza, na shina lake la Kilatini ni kufundisha. Alikuwa mwalimu kabla hajawa mtu wa dawa. Mganga nalo ni la Kibantu; kuganga kwake bado tunakusikia katika "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Katika yote matatu, usaidizi haumo.

Enzi za ukoloni watu wa kada hii waliitwa wasaidizi kweli, kwa kuwa walifunzwa kufanya kazi chini ya daktari. Lakini sheria ya mwaka 1988 iliwapa jina na usajili wao, na ile ya 2017 ikachukua nafasi yake. Msaidizi hufanya alichoagizwa. Tabibu huamua, na uamuzi wake huandikwa kwa jina lake. Simwiti daktari pia, maana daktari amekaa chuo kikuu miaka sita na ana mipaka mingine. Ila katika vituo vingi vya afya, mtu wa Pate au Siyu akishuka botini usiku na mgonjwa, anayeamka kumpokea ni tabibu au muuguzi.

Yule mama sikumjibu mbele ya watu. Tulipokaa botini nilimwuliza pole pole kama aliyempima mtoto alimweleza ni homa gani. Akanieleza yote, vizuri kabisa, hata siku za kurudi.

"Basi huyo ni tabibu, mama. Karatasi ya dawa bado unayo?"

Alikuwa ameikunja kwenye pindo la leso.