Kaburi la askari asiyejulikana ni nini hasa?

Ukiona kwenye taarifa ya habari rais kaenda ugenini kuweka shada kwenye kaburi la askari asiyejulikana, usidhani ni mnara tu umepewa jina. Mara nyingi mle kuna mtu kabisa kalala, ila hakuna anayemjua, na huko kutojulikana ndo kazi yake.

Vita ya kwanza ya dunia Uingereza ilikataza maiti kurudishwa nyumbani, uwe mtoto wa bwana mkubwa au wa mchimba makaa unazikwa hukohuko, na wengine mizinga iliwasambaratisha hata cha kuzika hakikubaki. Sasa mama kaletewa karatasi tu, mwili hana, kaburi hana, matanga anayaanua lini? (Sisi Waislamu angalau tuna sala ya ghaibu, ya kumsalia maiti asiyekuwepo.) Basi mwaka 1920 wakafukua miili michache isiyo na majina toka medani mbalimbali, wakaifunika bendera, usiku ofisa mmoja akaingia akachagua mmoja, imeisha. Tarehe 11 Novemba akazikwa kwenye kanisa la Westminster Abbey, London, palepale walipo wafalme, na udongo wa kumfukia ukatolewa kulekule Ufaransa. Kina mama waliofiwa mume na watoto wote wa kiume nao walialikwa, na kila mmoja wao alikuwa na haki ya kujisemea moyoni huyu wangu, nani atambishia?

Ila kuna kutojulikana kwa heshima na kuna kutojulikana kwa kupuuzwa, mi naona watu wanachanganya. Wapagazi wa vita hiyohiyo huku kwetu, wale wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha jeshi la Waingereza, waliotuachia jina la Kariakoo Dar na Kariokor Nairobi, walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na majina yao mengi hayakuchongwa popote. Hakuna aliyewachagua usiku, waliachwa tu njiani, na nyumbani watu wakangoja hadi wakachoka kungoja. Mwaka 2021 ndo tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ikaomba radhi kwa kutowakumbuka sawa na wengine, zaidi ya miaka 100 baadaye!

Sanamu la kumbukumbu ya vita hiyo la Nairobi angalau lina mpagazi amesimama na askari. La pale Posta, Dar, la 1927, ni askari peke yake kaelekeza bunduki bandarini, wapagazi wako kwenye maandishi ya chini, kwa jumla.