Injini inagonga? Spana baadaye

Juma lililopita mwalimu mmoja mstaafu aliniletea Corolla yake, ile ya injini ya 5A, hapa gereji kwangu Kizota, Dodoma. Kaitoa Kondoa mwendo wa pole, roho mkononi. Fundi wa kwanza alishamwambia injini imenoki, atafute nyingine ya mtumba.

"Shikamoo, Mwalimu. Inagonga wakati gani?"

"Marahaba. Inagonga tu, mwanangu. Muda wote."

Jibu hilo nalisikia kila siku, na mara nyingi si kweli. Ndiyo maana gari la namna hii naomba lilale gereji, niliwashe mwenyewe asubuhi likiwa baridi kabisa. Mlio wa tik tik wa asubuhi unaofifia injini ikipata moto huwa ni gasketi ya menifodi ya eksozi (pale moshi unapotokea kwenye injini) inayovuja, au pistoni iliyolegea kwenye silinda. Chuma kikitanuka, nafasi inaziba. Unaozidi injini ikiwa ya moto, oili ikishakuwa nyepesi, huo ndio wa kuogopa. Niliwahi kufungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, nzima ya mteja nikisaka tapeti mbovu (vile vinavyosukuma valvu), kumbe ni hiyo gasketi ya eksozi. Siku tatu zikapotea, na gasketi mpya ya hedi nikainunua kwa pesa yangu.

Halafu chomoa stiki ya oili. Watu hucheka, lakini injini kuukuu inayokula oili inaweza kutoka Morogoro salama ikafika Dodoma stiki imekauka, tapeti zinapiga kelele kwa kiu tu.

Kama oili ipo, sikiliza kasi ya mlio. Krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara 2, kemshafti, ile inayofungua valvu, inazunguka mara 1, kwa hiyo tapeti hugonga kwa nusu ya kasi: mlio mwepesi, wa juu, kama cherehani. Beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki, hugonga kwa mlio wa chini, mzito, kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi. Kuhakikisha, acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta, uchomoe soketi za injekta, zile zinazopulizia silinda mafuta, moja moja. Ukichomoa ya silinda fulani na mlio ukapungua, umempata mwenyewe. Waya za plagi usiziguse. Utapigwa shoti, na koili unaweza kuiua. Ukishampata, zima. Mwaga oili uangalie kama ina unga unaometameta. Gari hilo lipakiwe, lisiendeshwe tena.

La Mwalimu halikubadilika kwa injekta hata moja. Nikatoa beliti ya altaneta, ile inayochaji betri, nikawasha kama sekunde 30. Kimya! Sikuzidisha, maana kwenye 5A beliti hiyohiyo ndiyo inayozungusha wota pampu, na hapo maji yanakuwa yamesimama.

Basi mwenye kosa ni pampu au altaneta. Nikarudisha beliti, nikachukua bisibisi ndefu, mpini sikioni, mikono ya ovaroli nimeikunja isinaswe. Ncha ikigusa pampu, mvumo laini. Ikigusa mwili wa altaneta, ngo, ngo, ngo, hadi kwenye fuvu. Bolti ya chini ilikuwa imelegea siku nyingi, imejila yenyewe kiunoni na tundu limepanuka.

Mwalimu aliomba ile bolti ya zamani. Akaifuta grisi kwa leso, akaitia mfuko wa shati. "Napita kwa yule bwana kwanza," akasema.