Je, wajua tangazo fupi la simuni lilipataje ufupi wake?

Kila asubuhi, katika soko la samaki la Deep Sea jijini Tanga, kuna muuzaji anayepiga picha ya changu na kuituma mtandaoni ikiwa na maneno machache chini yake. Wengi hudhani kwamba maneno hayo huwa machache kwa sababu watu wa siku hizi ni wavivu wa kusoma. Asili ya ufupi huo ni nyingine, na inamfaa mfanyabiashara kuijua.

Mwaka 1985 mtaalamu wa mawasiliano wa Ujerumani, Friedhelm Hillebrand, alikuwa akitafuta urefu unaofaa kwa ujumbe wa maandishi wa simu, kwa kuwa njia ya kuupitishia katika mitambo ya wakati huo ilikuwa finyu mno. Akiwa nyumbani kwake Bonn, alipiga taipu sentensi za kawaida, akahesabu kila herufi, alama na nafasi, akaona kwamba karibu zote hazikufika 160. Kikomo kikawa hicho, na ujumbe wa kwanza ukatumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Twitter ilipoanza mwaka 2006 ilipitia njia hiyo hiyo ya ujumbe wa simu, hivyo ikatenga herufi 20 kwa ajili ya jina la mtumiaji na kuwaachia watu 140. Mwaka 2017 kikomo kiliongezwa hadi 280, isipokuwa kwa Kijapani, Kichina na Kikorea, ambazo herufi yake moja hubeba maana nyingi.

Kiswahili nacho kina hazina yake katika jambo hili. Neno “tutakuletea” lina herufi 11 tu, lakini ndani yake yumo mwenye kuleta, yumo mwenye kuletewa, na umo wakati wa kuleta. Isitoshe, mwambao huu umezoea maandishi mafupi yanayouza bidhaa: kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule mstari mmoja wa maneno ambao mnunuzi huusoma kabla ya kuuliza bei. Kanga ya rangi nzuri yenye jina lisilomgusa mnunuzi hurudishwa kwenye rafu.

Kikwazo, kwa maoni yangu, ni salamu. Sisi watu wa Tanga tumelelewa kumsalimu mtu kabla ya kumweleza haja yetu, na ni malezi mema. Lakini Instagram huonyesha maneno ya mwanzo tu chini ya picha, na yaliyosalia hufichwa mpaka msomaji ayafungue. Tangazo linaloanza kwa “Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu, tunapenda kuwakaribisha nyote” limekwisha kutumia sehemu kubwa ya nafasi inayoonekana, na samaki hajatajwa. Salamu ihifadhiwe kwa ajili ya mteja anapoandika au kupiga simu, kwani hapo ndipo mtu anapokutana na mtu. Tangazo lenyewe linaweza kusomeka hivi, bei ikiwa ya mfano:

“Changu wabichi wa asubuhi hii, kilo sh. 12,000. Nipo Deep Sea hadi saa tano. Ngamiani na Chumbageni nakuletea.”

Hizo ni herufi 110, nafasi na alama zikiwemo, na mnunuzi ameshajua kinachouzwa, bei yake, mahali kilipo na mwisho wa muda. Desturi ya kuficha bei na kumtaka mteja aiulize faraghani siipendi hata kidogo. Humgharimu mteja bando na subira, na wengi hupita zao bila kuuliza.

Kwa bidhaa inayoharibika haraka, stetasi ya WhatsApp inafaa sana, kwa sababu hutoweka yenyewe baada ya saa 24, kama vile changu wa leo asivyoweza kuitwa wa leo kesho.

Wapo pia wanaotuma matangazo kwa ujumbe wa kawaida wa simu, na kwao herufi 160 bado ni hesabu ya fedha. Kiswahili kinaenea chote katika herufi za msingi za simu, lakini kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka hubadilisha mfumo wa uandishi wa ujumbe mzima, na kikomo hushuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 160 wenye kikatuni hugawanyika vipande vitatu, na anayelipia kila kipande hulipa mara tatu. Muuza nyama awe mwangalifu zaidi: king'ong'o cha neno “ng'ombe” kikiandikwa kwa alama iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, kinaweza kuleta hasara hiyo hiyo.

Tangazo la mwisho la siku ndilo fupi kuliko yote, na wauzaji wengi hulisahau: “Changu wameisha.” Bila maneno hayo mawili, mteja wa Pongwe aliyeona picha ya asubuhi atapanda bodaboda saa sita mchana, na atakuta meza imekwisha kuoshwa.